Kazini Hakuna Tisa

Mpendwa Yaya,

Nimepoteza sentimita ishirini na kenda. Zilipotea Jumanne ya wiki iliyopita, saa nne asubuhi, kwa mstari mmoja wa kalamu nyekundu, na kalamu hiyo ilikuwa mkononi mwako.

Nimeandika kenda kwa makusudi. Wengine watadhani ni Kiswahili cha bibi vizee. Wewe unajua sivyo, na ndiyo maana barua hii ni yako hata kama naiweka wazi kwenye kundi letu la wapimaji, aisome kila anayetaka. Ningependa tuyamalize wawili. Nimekupigia simu mara kumi na nne. Nimekuandikia mara kumi na moja, na mara kumi kati ya hizo zile tiki mbili zimegeuka buluu. Unanijua, nahesabu.

Unakumbuka Rubona? Ulinikuta kwenye barabara inayoteremka bandarini, nina karai la mchanga kichwani. Mtu wako wa kushika fimbo alikuwa na malaria. Ulitazama vibarua wote, ukaja kwangu.

"We mudada, unaweza simama bila kutingishika?"

"Kwa muda gani?"

"Mpaka nikuambie."

"Na usiponiambia?"

"Donc utakuwa muti."

Nikaweka karai chini. Ukanipa ile fimbo ya mita nne yenye miraba myeusi na myekundu, mira, ukanionyesha kiputo cha maji mgongoni mwake kinachosema kama imesimama wima. Nilisimama. Upepo wa ziwa ulinipiga, daladala za mjini zikanipigia honi, wavuvi wakaniuliza kama nimeadhibiwa. Jioni ulikuja ukaniambia kitu nilichokibeba mpaka leo: mira iliyoinama husoma namba kubwa, mira iliyosimama wima husoma namba ndogo, na ile ndogo kuliko zote ndiyo ya kweli.

Nilikuita bosi. Ukakataa. "Bosi iko Kigali. Mi niite Yaya." Nikacheka mpaka mira ikayumba, kwa sababu kule Ngara nilikozaliwa yaya ni msichana anayelea watoto wa watu, si kaka mkubwa kama kwenu ng'ambo ya mpaka. Nilipokueleza, hukukasirika. Ulisema, "Basi iko sawa tu. Nitakulea."

Ukanilea. Hilo sitalikana mbele ya mtu yeyote. Nilikuja nchi hii na wazazi wangu na sanduku moja la bati, sina shule ya maana, na wewe ndiye uliyeniambia kwamba kupima kimo hakuhitaji akili nyingi, kunahitaji uaminifu mwingi. Soma mira ya nyuma, soma mira ya mbele, toa. Sogea, fanya tena. Ukifika mwisho, rudi mpaka pale ulipoanzia, na jumla yako yote inapaswa kuwa sifuri. Ikiwa sifuri, au milimita chache pembeni, ardhi imekubaliana nawe. Ikikataa, usigombane na ardhi. Cheti changu nilikipata kwa Jumamosi za miaka minne, lakini hakuna mwalimu aliyenieleza hivyo kwa maneno machache namna hiyo.

Sasa tufike kwenye neno lenyewe.

Kiangazi kile uliniondoa kwenye mira ukanipa daftari. Wewe kwenye darubini ukisoma, mimi hatua tano nyuma yako nikiandika. Siku ya tatu, daladala ikapita na honi yake wakati ule ule uliposema, "Moja, tisa, nne, mbili." Mimi nikasikia sita. Nikaandika 1.642 badala ya 1.942. Tulikwenda mpaka kwenye ukuta wa kiwanda cha bia, tukarudi, tukajumlisha. Jumla ikakataa kwa sentimita thelathini.

Ulinikalisha juu ya sanduku la darubini. Nilidhani umekwisha kunifukuza.

"Angalia hii namba," ulisema. "Thelathini, na kamkia ka milimita moja tu. Bon. Hii si kosa ya ardhi, hii ni ya mudomo. Ardhi haijuagi namba ya muviringo."

Tukarudia njia yote kwa miguu, tukaikuta. Ukakaa chini kando yangu ukaanza kuitukana lugha nzima.

"Kiswahili ilikosea hapa. Walichukua sita, wakaigeuza, wakaiita tisa. Hata ukiiandika, angalia: sita, igeuze kichwa chini, ni tisa. Nani alifanya hii kazi?"

Nikakuambia bibi yangu hakuwahi kusema tisa maisha yake yote. Alihesabu saba, nane, kenda, kumi.

"Kenda?"

"Kenda."

"Karibu kama icyenda ya Kinyarwanda." Ulilionja neno mdomoni kama mtu anayeonja chumvi. "Haifanani na sita hata kidogo. Basi kuanzia leo, kazini hakuna tisa. Mutu akisema tisa, ananunulia wote sambaza."

Ulikuwa wewe uliyenunua mara ya kwanza, siku hiyo hiyo, tukala wale samaki wadogo wa moto wakiwa bado kwenye karatasi. Ukanunua mara ya pili wiki iliyofuata. Mara ya tatu haikuwepo. Miaka saba, Yaya, sikukusikia ukisema tisa nyuma ya darubini. Mimi ukaniita Kenda, na mji mzima ukakufuata. Wako watu hapa hawajui jina nililobatizwa.

Satelaiti zilipotufikia tulijifunza pamoja, na hapo hukuwa mwalimu tena. Tulikuwa wajinga wawili na mashine moja. Wewe ulisoma kitabu chake cha Kifaransa, mimi nikatazama video kwenye simu. Kile kipokezi cha kwanza tulikisimamisha gatini Rubona, tukakiacha kisikilize satelaiti saa nzima, na kikatuambia kwa heshima zote kwamba tumesimama mita kadhaa chini ya maji ya Kivu.

"Tumezama," ulisema. "Na viatu iko kavu."

Tulichukua wiki kuelewa. Satelaiti haijui ziwa. Inapima kimo kutoka kwenye yai laini la hesabu, dunia iliyochongwa na watu wa makaratasi, wakati maji yanafuata uzito wa dunia yenyewe, yenye mabonde na minundu yake. Kati ya yai na maji kuna mita kadhaa, na lazima uzijue ndipo uzitoe au uziongeze. Lakini ukitaka kujua tu kama mahali pale pale pamepanda au pameshuka, huhitaji hata hiyo tofauti. Pima leo, pima mwaka ujao, toa. Hilo uliligundua wewe, kule Bugeshi, katika shamba la viazi chini ya milima, baridi imekupasua midomo, huku ng'ombe akijikuna shingo kwenye miguu ya kipokezi chetu. Saa nne za kusikiliza zilipotea kwa ng'ombe yule. Mwenye ng'ombe alituuliza tunapima nini. Ukamwambia tunapima kama Bugeshi bado iko. Akatazama huku na huku, akasema, "Iko."

Wakati huo ndipo tulipoweka alama mbili za mjini. Moja juu Nengo, tundu lililotobolewa katika mwamba. Nyingine chini, mita mia sita kutoka hapo, msumari wa shaba kwenye ngazi ya nyumba ya Mama Riziki, yule mshona nguo aliyetutunzia vyombo barazani kwake na hakuwahi kutuuliza tutaviondoa lini. Tulizipima zote mbili kwa satelaiti, tukaziunganisha kwa nivo, ile darubini yetu ya kupimia vimo, kwenda na kurudi. Faili ile ninayo.

Halafu mlima ukatema moto, na ardhi ikatetemeka siku nyingi, na nyufa zikapita katikati ya mitaa yetu kama mtu amechana shati. Unakumbuka ulivyosimama mbele ya ufa ule nyuma ya soko ukaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko.

Ilitakiwa tupime upya. Wewe ulikuwa umekwisha kupata barua yako ya Kigali. Siku tano za kufunga mizigo. Karatasi ililetwa ya kusema alama za mji zimehakikiwa baada ya tetemeko, na wewe ukaisaini juu ya boneti ya gari. Nilikuwa nimesimama pale na miguu mitatu ya darubini begani. Nikakuuliza, "Yaya, na ule msumari wa Mama Riziki?" Ukasema, "Chini yote ni mwamba, Kenda. Iko muzuri." Nikanyamaza. Sehemu hiyo ya kosa ni yangu, na leo naichukua mbele ya wote. Sikupaswa kunyamaza. Nilikuwa nakupenda sana na ulikuwa unaondoka.

Basi sikiliza kilichotokea, maana huenda kalamu yako ilitembea bila macho yako.

Watu wa ofisi ya mji wanataka kuchimba mfereji wa maji ya mvua kuanzia mlangoni kwa Mama Riziki mpaka kwenye mfereji mkubwa unaoshuka ziwani. Mita mia mbili. Mchoro wao unatumia kimo cha zamani cha msumari, na kwa kimo hicho mfereji unashuka sentimita ishirini kutoka nyumba ya kwanza mpaka mwisho. Ni kidogo, lakini maji hayana kiburi, yanatosheka na kidogo. Waliniomba nihakiki. Nina nivo yangu sasa, ya mtumba, nimeisahihisha mwenyewe. Nilisoma mimi, akaandika Esperansi, mama mmoja wa Rubona niliyemfundisha daftari kama ulivyonifundisha.

Kutoka mwamba wa Nengo mpaka msumari, kwenda: msumari umeshuka milimita 287. Kurudi, kwa vituo vingine na masomo mengine: milimita 290. Satelaiti, siku mbili tofauti, saa nne kila siku: mwamba haujasogea hata upana wa kidole; msumari umeshuka sentimita 27 siku ya kwanza na 30 siku ya pili. Unajua satelaiti kwenye kimo ina mkono mzito kuliko nivo, lakini zote zinaonyesha upande mmoja. Nikaandika sentimita ishirini na kenda. Mwisho wa mfereji nao niliupima, haujashuka. Ishirini toa ishirini na kenda, kinabaki nini? Mwanzo wa mfereji sasa uko sentimita kenda chini ya mwisho wake. Mvua ikija, maji yatarudi kwa Mama Riziki, pamoja na ya majirani wote.

Niliandika kurasa sita. Zikapelekwa Kigali kwa mhakiki. Sikujua mhakiki ni nani mpaka ziliporudi.

Namba yangu imekatwa kwa mstari mmoja, safi, ili iliyokatwa isomeke, na saini, tarehe na saa pembeni. Hakuna kufuta, hakuna kuchafua. Sheria ile ile uliyonipa siku ya kwanza ya daftari. Yaya, ungeichanachana karatasi ningeumia kidogo kuliko hivyo. Na chini yake mwandiko wako unasema: *Kosa la kusikia. Sita imeandikwa badala ya tisa. Kimo cha zamani kibaki.*

Sita badala ya tisa.

Kikaoni waliisoma kwa sauti. Kijana mmoja injinia, hata simchukii, akasema, "Kumbe Madamu Sita-Tisa." Wakacheka. Kazi nimenyang'anywa, na jina hilo limeteremka mjini mbio kuliko mimi. Juzi fundi wa pikipiki kaniita hivyo, hajui hata maana yake. Mimi niliyejengewa jina kwa neno moja, nimebomolewa kwa neno lile lile likigeuzwa kichwa chini.

Esperansi aliisoma karatasi mara mbili. "Madamu," akasema, "mi tangu nianze kazi na we sijasikia hiyo tisa. Yeye aliisikia wapi?"

Ndilo swali langu. Kazini kwangu hakuna tisa, kwa sababu kazini kwako hapakuwa na tisa. Lakini daftari haliandiki neno, linaandika tarakimu. Ofisini wanaona 9 na wanaona 6, wanamwona mwanamke aliyeanza na karai, na wanaona saini ya bwana mkubwa. Hawana namna ya kujua tulivyokuwa tukiitamka. Anayejua ni wewe. Ulipotafuta sababu ya kuikata namba yangu, ulichukua kosa langu la kwanza, lile ulilonisamehe juu ya sanduku, ukalibandika kwenye kazi yangu iliyo bora kuliko zote.

Na hata hesabu imekukataa. Nani alinifundisha kwamba kosa la mdomo ni la mviringo? Sita kwa tisa ni milimita mia tatu. Mimi nimeleta 287 na 290. Mia tatu toa 287, inabaki kumi na tatu. Kwa njia ya mita mia sita, mtu ambaye kwenda kwake na kurudi kwake kunatofautiana milimita tatu tu, hizo kumi na tatu kazitoa wapi? Na kosa hilo la sikio nililifanya mara mbili, kwa masomo tofauti, na satelaiti nazo zikasikia vibaya huko juu? Ungemwona mwanafunzi wako anakuletea maelezo hayo ungemrudisha barabarani kwa miguu.

Sidhani umekuwa mwongo. Nadhani ulipoona namba ile uliiona karatasi ya juu ya boneti. Ukikubali kwamba msumari umeshuka, unakubali kwamba ulisaini bila kupima. Naelewa. Lakini hofu yako haiwezi kupewa kimo changu ikanyanyue nyumba za watu.

Nilikwenda kwa Mama Riziki kumweleza. Alikuwa kwenye cherehani, hakuinua mguu.

"Maji inakujaga mpaka hapa," alisema, akagusa msumari kwa kidole cha mguu. "Kila mwaka nainua mashini juu ya matofali. Sasa munanichimbia mufereji ya kuniletea ingine?"

"Si mimi, Mama."

"Na ule kaka yako, mukubwa wa darubini? Yeye anasema nini?"

"Anasema nilisikia vibaya."

Akakata uzi kwa meno. "Yeye alikula hapa kwangu miaka ngapi? Mwambie akuje asimame hapa siku ya mvua. Atasikia muzuri."

Nimekwambia.

Sitaomba msamaha kwa namba. Sitaiandika upya iwe karibu na yako ili tupatane. Wamenishauri hivyo, watu wazima wenye nia njema: sema labda sentimita tano, labda kumi, mzee asiaibike. Yaya, ardhi haikushuka kwa heshima ya mtu. Wakinifukuza katika kila ofisi ya mji huu, nitasimama barabarani na mira yangu wima, nisome namba ndogo kuliko zote, niandike hiyo.

Wala sikuombi unirudishie kazi, na karatasi ya boneti sitaizungumza tena baada ya leo. Ukitaka, nitakuja Kigali tuandike pamoja kwamba tuliacha kupima, wewe kwa haraka na mimi kwa ukimya, na saini yangu itakaa chini ya yako. Nitakuja hata na sambaza.

Ninachotaka ni jibu la swali moja, na si kwa simu, kwa maandishi, kwenye kundi hili hili: katika miaka saba ya kazi yetu, namba inayofuata nane tuliitaje? Neno moja linatosha. Ukiliandika, kila mpimaji hapa ataelewa kwamba kosa uliloliandika haliwezekani, na namba yangu itarudi mezani kabla majembe hayajashuka. Wanaanza kuchimba Jumatatu asubuhi. Ofisi inafunga mafaili Ijumaa.

Kwa hiyo nakupa mpaka Ijumaa, saa sita mchana.

Saa sita, Yaya. Usije ukaniambia ulisikia tisa.

Mshika mira wako,
Kenda